Nampenda rafiki yangu, na sote ni wanaume. Nimwambie au nibaki nalo? (Kigoma)

#1 Karani wa Mwalo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nimesoma humu miaka mingi bila kuandika, huu ni uzi wangu wa kwanza. Naombeni mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Nina miaka 28, mzaliwa wa Kasulu, nipo Kigoma mjini tangu 2019. Kazi yangu ni ukarani kwenye mwalo. Alfajiri mitumbwi ikirudi nahesabu ndoo za dagaa, naandika nani kaleta ngapi na nani kachukua kwa mkopo. Ukikutana nami utaona kijana wa kawaida mwenye daftari linalonuka samaki. Mimi ni shoga. Neno hilo nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena, maana mtaani ni tusi, lakini sina jingine ambalo kila mtu atalielewa bila mimi kuzunguka.

Kuna rafiki yangu, humu nitamwita Fundi. Anatengeneza mashine za boti. Tulijuana siku mashine ya bosi wangu ilipogoma kuwaka na abiria wamekaa kwenye boti wanalalamika. Fundi akachomoa plagi, akaisugua kwa kipande cha msasa, akaipuliza, kisha akanipa niishike wakati anahangaika na kamba ya kuwashia. Plagi ilikuwa bado ya moto. Sikuihamisha mkono, wala sikuiweka chini. Nilikaa nayo hivyo mpaka alipoiomba. Jioni nikaona kiganja kimefanya kidoti chekundu, nikakiangalia sana. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane, mwalo ulikaa kimya. Mimi sina cha kuhesabu, yeye hana cha kutengeneza. Miezi mitatu tulikuwa pamoja kila siku. Tulipika ugali wa muhogo na maharage ya mawese, tulicheza bao, tulikwenda kumsalimia mama yake Ujiji. Mama yake akaniita mwanangu. Siku ziwa linafunguliwa watu wote walishangilia, na mimi nilishangilia, lakini rohoni nilikuwa nalia.

Mnajua huku kwetu wanaume kushikana mikono wakitembea si jambo la ajabu. Fundi hunishika mkono tukivuka barabara pale Mwanga, pikipiki zikiwa nyingi. Kwake ni kuvuka barabara. Mimi usiku silali.

Wiki iliyopita aliniuliza, "Kaka, una nini siku hizi? Umekuwa mtu wa kunyamaza." Nikamwambia malaria. Akanipeleka kupima. Tumekaa kwenye benchi saa nzima akinisubiri nitolewe damu kwa ugonjwa ambao najua sina. Hicho kitu kimenishinda wakuu. Kumficha naweza, nimezoea kuficha tangu darasa la sita. Lakini kuona mtu anapoteza saa yake ya kazi kwa sababu ya uongo wangu, hapana.

Sijaja kuuliza kama ni dhambi. Hilo nimelibeba na Mungu wangu muda mrefu na tunaendelea kuzungumza. Ninachouliza ni hiki: nimwambie? Na kama ni kumwambia, namwambiaje mtu neno ambalo likianguka vibaya linaweza kunivunjia kazi, nyumba, na yeye mwenyewe nikamkosa?

Nawasilisha.

#2 Mwana wa Ujiji

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Mimi ni Muislamu na msimamo wangu unaufahamu bila kuuandika, kwa hiyo siwezi kukuambia "nenda kamwambie". Nitakuombea, na nasema kweli. Ila mnaokuja kutukana naomba mpite. Mtu ameomba ushauri.

#3 Mpita Njia

Hilo ni tatizo la akili mkuu. Kapimwe, wataalamu wapo.

#4 Nesi wa Zamu

Namjibu wa #3. Nimefanya kazi wodini miaka kumi na moja. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Hakuna dawa ya kulitibu kwa sababu hakuna ugonjwa wa kutibiwa. Ninaloliona mimi wodini ni matokeo ya kuficha: vijana wanaletwa na presha, hawalali, wengine wamekunywa vitu vya kutaka kufa. Mleta uzi, ukifika mahali unaona giza kabisa, usikae peke yako chumbani. Nenda kituo cha afya ukaseme "silali, nina mawazo mazito". Hulazimiki kueleza sababu ili upewe msaada.

#5 Kifungu

Nilisoma sheria, sifanyi kazi mahakamani, lakini hili nalifahamu na nataka ulijue kabla hujafungua mdomo.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu tulichokizoea kwa namba 154, kinazungumzia tendo lenyewe. Adhabu ni kifungo cha maisha, na haishuki chini ya miaka 30. Cha 155 ni kujaribu, si chini ya miaka 20. Msingi wake tuliurithi kwa Mwingereza, na mwaka 1998 adhabu zikakazwa kwa sheria ya makosa ya kujamiiana.

Sasa sikiliza vizuri. Kuwa ulivyo si kosa kisheria, na kumwambia mtu "nakupenda" si tendo. Lakini kipo kifungu cha 157, cha vitendo vya aibu kati ya wanaume, miaka mitano, na hicho kinamgusa hata anayeshawishi au kujaribu kushawishi. Kwa hiyo maneno yako yaishie kwenye moyo wako unavyojisikia. Usimwalike popote, usimwombe chochote, usimtumie picha. Mwanaume akimtamkia mwanamke huwa anaomba jibu na miadi hapo hapo. Wewe usifanye hivyo.

Msinielewe vibaya kwamba ukiwa mwangalifu basi umesalimika. Oktoba 2018 nilikuwa Dar es Salaam, mkuu wa mkoa wa wakati ule, Paul Makonda, alipotangaza kamati ya kuwasaka watu wa mapenzi ya jinsia moja na kuwaomba wananchi wataje majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema ule ulikuwa msimamo wake, si wa serikali. Lakini jirani yangu wa chumba alikuwa ameshafunga begi usiku na kuondoka, hakuchukua hata godoro. Hakukamatwa, hakushtakiwa. Alisikia tu kwamba majina yanatakiwa, na alijua ni wangapi wana jina lake.

Wa Kigoma huwa mnatazama ng'ambo. Burundi walitunga adhabu yao 2009, miezi mitatu mpaka miaka miwili. Rwanda hawana kifungu hicho, na Congo hakuna sheria inayolitaja moja kwa moja. Nayasema haya ujue tu mipaka ilipo, sikushauri kuhama.

#6 Dada wa Isevya

Nakuandikia kutoka Tabora, kaka. Mimi ni mwanamke na nilimpenda mwanamke.

Sisi wanawake tuna neno lile lile lililokutesa kuliandika. Shoga, kwetu, ni rafiki yako wa karibu, wa kusukana naye na kuazimana kanga. Nilimwita "shoga yangu" miaka minne, mbele ya mama yake, mbele ya mchumba wake, na hakuna aliyegeuka. Nilikuwa nasema kweli hadharani na hakuna aliyesikia. Neno lilinificha. Siku moja nikaona limenichosha, nataka nisikike.

Nikachagua vibaya. Nilimwambia wiki moja kabla ya sendofu yake. Tulikuwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba tunachambua mchele wa shughuli, ungo mmoja, magoti yanagusana. Nikamwambia yote, tangu mwanzo. Nilijiona jasiri. Akaendelea kuchambua. Alitoa vijiwe vitatu, akavipanga pembeni ya ungo, halafu akasema, "Sasa unataka mimi nifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Kweli sikuwa nalo. Nilitaka avunje ndoa? Hapana. Nilitaka anikumbatie? Labda. Nilikuwa nimebeba furushi langu la miaka minne nikamtua nalo magotini, wiki ambayo yeye mwenyewe ana hofu zake. Sherehe nilihudhuria, kitenge cha sare nilivaa, alinipita kwenye foleni ya kutunza akatazama juu ya kichwa changu. Ana watoto sasa. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri.

Kwa hiyo kabla ya "nimwambie vipi" jibu swali la shoga yangu. Akikuuliza unataka afanye nini, utasema nini? Ukilipata jibu ambalo mtu mzima anaweza kulifanya bila kuumia, nenda. Usipolipata, subiri.

#7 Karani wa Mwalo (mleta uzi)

Dada wa Isevya, nimesoma nikatoka nje kuvuta hewa. Ahsante sana.

Kuna walionitumia ujumbe pembeni wakiuliza kama Fundi ameonyesha dalili. Sitawadanganya: hapana. Ana mtoto Uvinza, mama wa mtoto walishaachana, na huzungumzia wanawake kama vijana wengine. Sina matumaini ya aina hiyo. Mtu mmoja akaniuliza, basi unamwambia ili iweje? Nimefikiri siku mbili. Ninachotaka ni akiniuliza "una nini" niweze kumjibu. Hicho tu. Nataka anijue. Mama yake ananiita mwanangu na hamjui anayemwita.

Namna nyingine iliyonijia ni kumwandikia. Nina ujumbe kwenye simu nimeuandika mara nne na kuufuta.

#8 Laki Tatu

USIANDIKE. Samahani kwa herufi kubwa.

Mimi yalinikuta. Nilichati na mtu WhatsApp wiki tatu, maneno matamu, tukapanga kuonana nyumba ya wageni. Nimekuta wanaume watatu. Mmoja akasema ni askari, sijui hata leo kama ni kweli. Walikuwa wameshachapisha maneno yangu kwenye karatasi. Nililipa laki tatu, na mwezi uliofuata wakarudi kudai tena. Sikuweza kwenda polisi, maana ningeanzaje kueleza?

Najua Fundi wako si tapeli. Lakini simu yake si yake peke yake. Inashikwa na mpwa anayecheza gemu, inaachwa kwa fundi simu, inaibwa. Maneno ya mdomo yakikataliwa yanabaki maneno. Maandishi yanakaa. Futa hiyo rasimu leo, na ukiwa umeiandika kwenye daftari la dagaa, chana.

#9 Behewa la Tatu

Mimi naandika kutoka upande mwingine. Ni mwanaume, nina mke na watoto watatu, na niliwahi kuambiwa.

Tulikuwa kwenye treni, Tabora kwenda Kigoma, mimi na rafiki yangu wa tangu shule. Usiku treni ilisimama Kaliua muda mrefu, wanasubiri mabehewa ya Mpanda. Akina mama wanapita madirishani na karanga na chupa za asali. Yeye akanunua asali, akailipia, akafunga dirisha, akaniambia. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anataja bei. "Nimekupenda miaka sita. Sihitaji kitu. Nimechoka tu."

Nilisema "sawa". Nikajifunika shuka nikajifanya nimelala. Nguruka ikapita, Uvinza ikapita, kumekucha, nimefumba macho na mgongo unaniuma. Sikumchukia, hata kidogo. Nilikuwa sijui niweke wapi uso wangu, na ndani ya treni hakuna pa kwenda. Kama angeniambia mahali ninapoweza kuinuka, nikazunguka, nikanywa chai peke yangu nikarudi, nadhani ningerudi na maneno mazuri zaidi ya "sawa". Mleta uzi, usimwambie ndani ya boti. Usimwambie chumbani mlango ukiwa nyuma yako. Mwache awe karibu na njia.

Hilo ni dogo. Lililonileta kuandika ni jingine, na sijawahi kulisema.

Nilimwambia mke wangu. Sikuwa na nia mbaya. Wiki ile nilikuwa sili vizuri, akaniuliza nina nini, kama Fundi alivyokuuliza wewe, nikamwambia. Mke wangu alimwonea huruma yule kaka. Kwa huruma hiyo hiyo akamsimulia dada yake. Dada mtu anasali na mke wa mwenye nyumba. Miezi miwili haikuisha, rafiki yangu akapewa siku tatu ahame. Vyombo vyake vilitolewa barazani mchana, watoto wa mtaa wakasimama kutazama. Nilikwenda na bajaji kumsaidia kubeba. Hakuniuliza ni nani aliyesema. Aliniambia tu, "Shika upande ule wa meza." Tulibeba meza.

Wanne sisi, na hakuna hata mmoja aliyetaka mabaya. Siri ilipita mikononi mwa watu wema watupu.

Ndiyo maana nakwambia: ukimwambia Fundi, usimwachie akisie la kufanya na hilo neno. Mimi sikuambiwa "hili libaki kwetu", nikadhani mke wangu ni mwili wangu, kumwambia yeye si kusema. Mwambie wazi, tena kwa jina, nani asiambiwe. Mama yake, wa Uvinza, bosi. Mwambie pia, akisema, wewe utapatwa na nini: nyumba, kazi, na kile kifungu cha mkuu wa #5. Mtu ambaye hajawahi kuficha kitu cha namna hii hajui uzito wake. Mimi sikujua.

#10 Mpita Njia

Mimi ndiye wa #3. Nimerudi kusoma. Sijabadili ninavyoamini, lakini lile neno la akili nalifuta. Nesi, nimekusikia.

#11 Mzee wa Bandarini

Wanangu, nina miaka 66, macho hayaoni vizuri, mniwie radhi makosa ya kuandika.

Nilikuwa mpakiaji bandarini hapa Kigoma ujanani. Alikuwepo baharia wa Liemba. Meli ile ina mambo yake, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikakaa chini ya maji miaka, ikaibuliwa, ikatengenezwa na kuanza safari tena 1927. Yeye alipenda kunisimulia habari hiyo, kila safari, kama hajawahi. Mimi nilimsikiliza kila safari kama sijawahi. Hatukuambiana lolote zaidi ya hilo. Nilioa, naye akaoa. Meli ikipiga honi nilikuwa najua hatua zake ngazini kabla sijamwona.

Alifariki miaka mingi iliyopita. Nilikwenda kuzika. Nilishika jeneza kwa zamu yangu, hatua kama ishirini, mwingine akanipokea, ndiyo taratibu. Watu wakanipa pole kama jirani, wakapita kwenda kumpa pole anayestahili.

Sikuambii useme wala usiseme. Wakati wetu hatukuwa na mahali pa kuuliza.

#12 Karani wa Mwalo (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Sina neno. Nimesoma yako mara tatu, ya mwisho nikiwa mwaloni, mteja ananiita sijamsikia.

Nimefuta rasimu. Ukurasa wa daftari nimechana, Laki Tatu ulijuaje? Nikifanya nitaleta mrejesho. Nisipofanya pia nitasema.

#13 Karani wa Mwalo (mleta uzi)

MREJESHO

Wakuu, samahani kwa kimya cha wiki tano.

Nilisubiri mwezi ukomae. Wasio wa ziwani niwaeleze: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti, kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa na vijana wote wako nchi kavu. Nilitaka usiku ambao hana mashine ya kukimbilia, na mimi sina alfajiri ya kuhesabu.

Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kwenye mchanga, mbali kidogo na vichanja vya dagaa. Nikamwambia akae upande wa barabarani, nikakaa upande wa maji. Akaniuliza tena, kama nilivyojua ataniuliza: "Ile malaria imeisha?"

Nikasema haikuwa malaria. Nikamwambia mimi ni mwanaume anayependa wanaume, nimekuwa hivyo siku zote. Nikamwambia, "Na ninayempenda ni wewe. Sikuombi kitu. Sitaki ubadilike, sitaki jibu. Uliniuliza nina nini, nikakudanganya, ukapoteza saa yako kwenye benchi. Sitaki kukudanganya tena." Halafu yale ya Behewa la Tatu, kwa majina. Mama yako asijue. Mama mtoto asijue. Bosi asijue. Nikamweleza vifungu, 154 na 157, na miaka yake. Hapo ndipo sauti ilipokatika, wakuu, kwenye kutaja miaka. Yale ya mapenzi yalikuwa yametoka sawasawa.

Alikaa kimya muda mrefu. Alichukua mchanga akawa anaumwaga kidogo kidogo juu ya kandambili yake.

"Tangu lini?"

"Siku ya plagi."

"Plagi gani?"

Hakumbuki. Mimi ile siku ninayo mkononi mpaka leo, yeye haikumbuki kabisa. Nikamweleza, boti ya abiria, kamba. Akasema, "Kumbe ilikuwa ya moto? Si ungesema." Kisha akasema, "Mimi siko hivyo, kaka." Nikasema najua. Akainuka, akajikung'uta mchanga, akaondoka kuelekea barabarani. Hakuaga.

Siku sita hakuonekana mwaloni. Nilikuwa najua ni sita kwa sababu kazi yangu ni kuhesabu. Kila mtu aliyenitazama nilidhani anajua. Mama mmoja muuza mawese alinicheka kwa jambo lake lingine kabisa, nikaingia ofisini nikafunga mlango. Usiku nilikuwa na begi karibu na kitanda, namkumbuka yule jirani wa mkuu wa #5. Dada wa Isevya alinipigia stori kila usiku kupitia ujumbe wa humu, mpaka nasinzia. Sitamsahau.

Siku ya saba alikuja na mashine begani. Akaitua, akaifungua, akasema bila kunitazama, "Nishikie hapa." Nikashika. Tukafanya kazi mpaka ikawaka. Alipokuwa ananawa mikono kwa petroli akaniambia, "Nilikwenda Uvinza kumwona mtoto. Sijamwambia mtu." Kisha: "Mbona ulinikalisha upande wa barabara? Ulidhani nitakimbia?"

Nikasema ndiyo.

"Nilikimbia kweli," akasema.

Akaniuliza kama yupo mwingine anayejua. Nikamwambia wapo watu wasionijua sura, ndio walionishauri. Akafikiri. Akasema, "Waambie na mimi nilikuwa na hofu." Nimewaambia.

Sasa msiniulize kama tumerudi tulivyokuwa. Hatujarudi. Zamani alikuwa akija kwangu anajitupa kitandani na kandambili zake, sasa anakaa kwenye stuli. Zamani alinieleza habari za wanawake bila kukoma, sasa akianza anakatiza katikati, ananitazama, anabadili maneno. Nimemwambia aendelee tu. Hajaweza bado. Yapo ambayo nimeyapoteza na yananiuma, ningekuwa mwongo kusema sikuyapoteza.

Jumapili mama yake alituita kula. Tulishuka Mwanga kununua sukari ya kumpelekea, pikipiki zimejaa barabara yote. Pale pa kuvukia nikajikuta nimetoa mkono mfukoni kwa mazoea, nikaurudisha. Hakunishika. Akatangulia yeye, nikapishana na bodaboda mbili nikachelewa upande huu. Nilipotazama, alikuwa amesimama ng'ambo na mfuko wa sukari, ananisubiri nivuke.